Kifaa kilisoma sifuri, mbona nimeshtakiwa?

*Safu ya Maswali kwa Wakili*

Barua

Shikamoo Mama Wakili. Mimi ni dereva wa Noah, nabeba abiria kati ya Moshi na Arusha, mwaka wa kumi na moja sasa. Nakaa Pasua. Pombe siinywi, hata mke wangu ni shahidi.

Mwezi uliopita mgongo ulinishika. Maumivu yalianzia kiunoni yakashuka mguu wa kulia mpaka kisigino, yanawaka kama moto. Nikaenda hospitali, daktari akaniandikia amitriptyline ya miligramu 25, kidonge kimoja kila usiku. Dirishani nikapewa vidonge kwenye bahasha iliyoandikwa "1x1 usiku", basi. Hakuna aliyeniambia neno jingine. Siku ya tatu nilichelewa kurudi, nikameza saa tano usiku. Saa kumi alfajiri nikaamka, nikanywa chai ya rangi, nikaenda stendi. Tulitoka na abiria saba. Weruweru naikumbuka. Kwa Sadala naikumbuka kwa mbali. Kilichonizindua ni kishindo: nilikuwa nimetoka upande wangu nikagonga nguzo ya kibao tunapokaribia Boma Ng'ombe, saa kumi na mbili na robo. Mungu mkubwa, hakuna aliyeumia, ila mama mmoja aliyekaa mbele alilia sana.

Trafiki wakanipulizisha kile kifaa, kikasoma sifuri. Lakini mdomo ulikuwa umenikauka, maneno yanatoka mazito, macho yanafumba. Wakanikuta na ile bahasha mfukoni mwa shati. Nikapelekwa kituoni, nikaandikwa maelezo, nikasaini. Kisha hospitali na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kupimwa, nikatolewa damu na mkojo. Jioni bosi wangu na shemeji wakanidhamini. Sasa nina hati ya mashtaka inayosema niliendesha gari nikiwa chini ya athari ya dawa. Siku ya kwanza mahakamani hakimu alikuwa na udhuru, kwa hiyo bado sijasomewa. Kesi inatajwa tena baada ya wiki tatu.

Madereva wenzangu wananiambia, "Kubali tu, useme ni kweli, utapigwa faini urudi barabarani, ukibisha utazungushwa mwaka mzima." Bosi naye anataka hesabu yake. Na huku mtaani wameshaanza kusema nakula unga. Mwanangu wa darasa la sita ameulizwa shuleni. Je, nikubali? Niseme sikumeza? Na hizi dawa niache? Mgongo bado unauma.

*Dereva, Pasua, Moshi*

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mgongo, pole ya kishindo, na pole zaidi kwa huyo mtoto aliyeulizwa shuleni. Nitaanza naye, maana naona ndiye anayekunyima usingizi kuliko faini.

Mwambie mwanao, na umwambie mwalimu wake ukiweza, kwamba baba yake hakushtakiwa kwa dawa za kulevya. Hizo zina sheria yake, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Wewe umeshtakiwa kwa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ambayo ni sheria namba 30 ya mwaka 1973. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Sheria hii ya barabarani inapotaja kilevi na dawa, inachotazama ni hali yako ukiwa nyuma ya usukani. Mtu anayemeza kidonge cha mgongo alichoandikiwa na daktari anaweza kuangukia humo bila kuwa amegusa unga maisha yake yote. Toa hati yako ya mashtaka, uisome mwenyewe polepole. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo huna sababu ya kusimama kizimbani ukijibu jambo usilolielewa.

Sasa swali lako kubwa. Hapana, usiseme "ni kweli" ili yaishe.

Nimekuwa wakili hapa Arusha kwa miaka ishirini na saba, na ushauri huo wa vijiweni umenipitisha kwenye machozi ya watu wengi. Ukisema ni kweli, hakimu anaandika maneno yako kama ulivyoyatamka. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, unaulizwa kama ni sahihi, ukikubali tena umetiwa hatiani palepale. Baada ya hapo rufaa yako itakuwa juu ya adhabu tu, isipokuwa kwa sababu chache sana. Na adhabu haiishii kwenye faini ambayo bosi atakukopesha. Kosa hili lina faini au kifungo, na mahakama ina uwezo wa kukuondolea haki ya kuendesha. Wewe una leseni ya daraja C, unabeba roho za watu, ndiyo shamba lako na ng'ombe wako. Hao wanaokuambia urudi barabarani haraka hawajafikiria kwamba unaweza kutoka mahakamani umelipa faini na barabara yenyewe huna.

Kuna wengine hufika kizimbani wakasema, "Ni kweli mheshimiwa, lakini nilimeza dawa ya hospitali, sikujua inaleta usingizi." Hilo halihesabiki kuwa ni kukiri kosa, na hakimu makini ataandika kwamba mshtakiwa amekana. Lakini usiende ukitegemea umakini wa mtu mwingine. Kama hukubaliani na shtaka, sema wazi, "Si kweli." Kusema hivyo si uongo hata kama kidonge ulimeza. Shtaka halisemi ulimeza kidonge. Linasema ulikuwa chini ya athari ya dawa kiasi cha kushindwa kulitawala gari. Hilo Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo yenye kazi ya kulithibitisha pasipo kuacha shaka ya msingi, na wewe hulazimiki kuthibitisha kinyume chake.

Tazama kile kifaa ulichopuliza. Kinapima pombe, hakipimi kitu kingine. Kwa pombe sheria yetu imeweka kiwango, kwamba ikizidi hapa umevunja sheria hata kama unatembea wima. Kwa dawa kama amitriptyline hakuna namba ya namna hiyo katika sheria yetu. Wenzetu Uingereza tangu Machi 2015 wameweka viwango vya damu kwa baadhi ya dawa za hospitali, diazepam ikiwemo, na wakaweka pia utetezi kwa aliyezimeza kama alivyoelekezwa ilimradi uendeshaji wake haukuharibika. Kwetu hatuna jedwali hilo. Kwa hiyo ripoti ya maabara ikisema amitriptyline ilikutwa katika damu yako, itakuwa imesema jambo ambalo bahasha mfukoni ilishalisema. Haitakuwa imesema kwamba hukuweza kuendesha. Hapo ndipo kesi yako ilipo, na ndiyo maana sitaki uikimbie kabla haijasikilizwa.

Lakini nisikudanganye, nawe usijidanganye. Wana ushahidi mwingine. Wana gari lililotoka upande wake bila sababu ya barabarani. Wana mama aliyekaa mbele. Wana askari waliokuona ukiongea kwa shida. Cheti cha daktari hakifuti kosa hili. Ukiwa umelemewa na dawa hata kushindwa kulishika gari, haijalishi imetoka kwa daktari au kwa mpita njia. Nimewasikia madereva wengi wakidhani karatasi ya hospitali ni kinga. Itakusaidia sana katika kueleza, na katika adhabu, na katika jina lako huko Pasua. Kinga siyo.

Kwa hiyo kesi yako itaamuliwa na mambo madogo madogo, na mengi yanapotea usipoyakusanya wiki hii.

La kwanza kabisa ni ile bahasha. Kama iko polisi, hakikisha imeandikwa kwenye orodha ya vielelezo, maana bahasha iliyoandikwa "1x1 usiku" tu, bila onyo, inasema kitu kwa niaba yako. Kama ulirudishiwa, usiitupe wala usivimalize vidonge vilivyobaki humo bila kuvihesabu mbele ya mtu. Ulipewa vingapi, tarehe ngapi, vimebaki vingapi? Ukiwa ulipewa 30 na vimebaki 27, hiyo ni hesabu ya mtu aliyemeza kimoja kila usiku kwa siku tatu, kama alivyoagizwa. Mwenye kujilevya hawezi kuwa na hesabu hiyo. Tafuta risiti, tafuta kadi ya kliniki. Kisha rudi kwa daktari aliyekuandikia, mwombe taarifa ya matibabu yako kwa maandishi: ugonjwa, dawa, kipimo, tarehe ya kuanza. Najua una uchungu na waliokupa dawa bila kukueleza, na uchungu wako una haki. Mgonjwa anayefanya kazi ya udereva alistahili kuulizwa kazi yake kabla ya kukabidhiwa kidonge hicho. Ila usiende na ugomvi. Leo unamhitaji daktari huyo kuliko unavyohitaji kumshinda.

Mwombe pia akueleze dawa ilivyofanya kazi mwilini mwako, maana mahakamani utahitaji kuyasema kwa maneno yako. Amitriptyline ikimezwa hufika kilele chake katika damu baada ya muda wa saa nne hadi nane hivi, na hukaa mwilini zaidi ya usiku mmoja. Siku za mwanzo ndizo zenye usingizi mzito, mwili haujaizoea. Ulimeza saa tano usiku, ukagonga nguzo saa kumi na mbili na robo. Hesabu mwenyewe: ni saa saba na robo. Ulishika usukani dawa ikiwa kileleni, siku yako ya tatu, umelala saa tano tu. Na ule mdomo mkavu uliofanya maneno yako yawe mazito, hiyo ni athari ya kawaida ya dawa hii, pamoja na macho kuona ukungu. Askari aliyekuona hivyo hakuwa na ubaya nawe. Aliona alichokiona. Ila ulimi mkavu si lazima uwe ulimi wa mtu aliyepoteza fahamu zake, na wakili wako anaweza kumuuliza askari huyo swali hilo kwa adabu na likaeleweka.

Hapa niseme jambo langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kesi Mahakama Kuu Moshi. Nilishikwa na mafua, nikameza dawa ya mafua alfajiri, kile kidonge kidogo cha chlorpheniramine ambacho kila nyumba inacho kwenye droo. Nikaendesha. Nilipofika Kikatiti niligundua kwamba sikumbuki kupita Usa River. Usa River nzima, na matuta yake na watoto wa shule wanaovuka! Nikaegesha pembeni, mikono inatetemeka, nikalala ndani ya gari mpaka jua likapanda. Kesi iliahirishwa, na mteja wangu alinikasirikia kwa haki. Kwa hiyo unaposema Kwa Sadala unaikumbuka kwa mbali, mwanangu, nakuelewa kabisa. Na kwa sababu nakuelewa nakuambia wazi: asubuhi ile hukuwa salama, na wale saba uliowabeba hawakuwa salama. Unaweza kuwa huna hatia kisheria na bado ukawa na deni kwa yule mama aliyelia. Ukimjua alipo, nenda kamwombe radhi kama mtu na mtu. Usimwambie lolote kuhusu atakachosema mahakamani, hata kwa nusu neno. Ni shahidi, na kumgusa kwenye ushahidi ni kujitafutia kesi nyingine mbaya kuliko hii. Kama unahisi huwezi kuyatenganisha hayo mawili, subiri mpaka kesi iishe.

Maelezo uliyosaini kituoni yananitia wasiwasi kidogo. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka mtu ahojiwe ndani ya muda wa saa nne tangu akamatwe, isipokuwa muda umeongezwa kwa utaratibu wake. Ulipaswa kuelezwa kwamba hulazimiki kujibu, na kwamba unaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Ulikamatwa saa ngapi, ukaandikwa saa ngapi, na ulikuwa bado unasinzia? Yaandike leo, kabla kumbukumbu haijapoa. Kisha ushike jambo hili: pingamizi dhidi ya maelezo hayo linatolewa pale upande wa Jamhuri wanapoomba yapokelewe kuwa kielelezo. Ukikaa kimya yakapokelewa, ukaja kulalamika kwenye utetezi, umechelewa. Vivyo hivyo PF3. Ikitolewa mahakamani una haki ya kuomba daktari aliyeijaza aitwe umuulize maswali. Damu na mkojo navyo vina safari yao: nani alivichukua, nani alivifunga na kuweka lakiri, nani alivifikisha kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, vilikaa wapi katikati. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini ya Mkemia Mkuu iko hapa Arusha, safari si ndefu, lakini hata safari fupi huwa na mikono mingi, na kila mkono unatakiwa uonekane kwenye maandishi.

Kuhusu kusema hukumeza: usithubutu. Bahasha waliikuta mfukoni mwako, maelezo ulishasaini, damu wanayo. Ukidanganya hilo moja, hakimu hana sababu ya kukuamini unapomwambia ukweli kwamba hukujua dawa ile inalaza. Na huo ndio ukweli wako ulio na nguvu kuliko yote.

Dawa nazo usiziache kwa kuamua mwenyewe, wala usiongeze kwa sababu mgongo unauma. Mweleze daktari kwamba wewe ni dereva wa abiria na unaamka saa kumi. Sentensi hiyo hukuisema siku ile kwa sababu hakuna aliyekuuliza, isijirudie. Anaweza kupunguza kipimo, akakwambia umeze mapema jioni badala ya saa tano usiku, au akabadilisha dawa kabisa. Mwulize pia kuhusu vidonge vingine unavyomeza kwa mazoea, vya mafua na vya maumivu, maana vingine vikikutana na hiki usingizi unakuwa maradufu. Na mpaka akwambie umeizoea, usishike usukani. Kama polisi wamebaki na leseni yako, ndiyo kabisa, hata kupeleka gari kuoshwa Mbuyuni usiendeshe. Ninajua maana ya neno hilo kwa mtu anayekula kwa hesabu ya siku. Kaa na bosi wako umweleze, aweke dereva wa deiwaka kwa muda. Mwambie pia aripoti kwa kampuni yake ya bima sasa hivi, asisubiri hukumu, kwa sababu bima nyingi zina kipengele kuhusu dereva aliyekuwa chini ya kilevi au dawa, na kuchelewa kutoa taarifa kutamwongezea matatizo.

Wakili unamhitaji. Ukikosa uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewawekea utaratibu watu wa hali yako. Anzia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, uliza watoa huduma waliosajiliwa walio karibu nawe. Msaidizi wa kisheria atakusaidia kupanga karatasi na kukueleza hatua, ingawa kusimama mahakamani kwa niaba yako hawezi, hiyo ni kazi ya wakili. Nenda wiki hii. Baada ya wiki tatu utakuwa unasomewa shtaka, na siku ya kusomewa si siku ya kuanza kutafuta mtu.

Siku hiyo fika mapema, na wadhamini wako wajue tarehe. Ukikosa kutokea, dhamana inaweza kufutwa na ukaamriwa kukamatwa, na hapo utakuwa umewapa wale wa mtaani hadithi mpya. Beba nakala za karatasi za hospitali, halisi ziache nyumbani kwa mkeo mpaka wakili azitake. Vaa shati safi. Ukiulizwa kama shtaka ni kweli, jibu kwa maneno mawili niliyokuambia, kisha nyamaza, utetezi una siku yake.

Ukishapata taarifa ya daktari niandikie tena, uipige picha na uambatanishe. Nataka kuona ameandika tarehe ya kuanza dawa. Hiyo tarehe isikosekane.